Shajara ya mtaro wetu: maji yaishie wapi

Wiki ya 1, mwanzo wa Januari

Naanza kuandika kwa sababu mwaka jana hatukuandika. Ilipofika masika kila mtu alikumbuka lake: huyu alisema tumezibua mtaro mara mbili, yule mara nne, na hakuna aliyeweza kuonyesha tulianzia wapi, tukaishia wapi, wala udongo tuliutupa upande gani. Sasa serikali ya mtaa imeunda kamati ya watu 7, na mimi wameniweka katibu. Kila kitakachofanyika kitaandikwa siku ile ile na kitasomwa kwenye mkutano wa wakazi.

Kwa asiyetufahamu: tuko Tanga mjini, upande unaoteremkia mikokoni. Barabara yetu ni ya moramu. Inatoka kwenye lami huko juu, inapita mbele ya madrasa na duka la kona, inashuka hadi kwenye kalavati, lile bomba linalopitisha maji chini ya barabara, na ng'ambo ya kalavati nyumba ni chache, ni bonde na mikoko. Mtaro wa udongo unafuatana nayo upande wa kushoto ukiwa unateremka. Ukipita msimu huu wa kaskazi utasema hapana tatizo, ni vumbi tu. Masika ikishika, huwezi kutofautisha mtaro na barabara. Bajaji hazishuki, watoto wanakwenda shule viatu mkononi, na wenye baiskeli, ambao Tanga ni umma mzima, wanazikokota wakiambaa na kuta za watu.

Nyumba ya mwisho kabla ya kalavati ni ya bibi mmoja ambaye mtaa wote tunamwita Bibi tu. Kwenye ukuta wa baraza lake kuna mistari ya mkaa. Kila masika mjukuu wake huchora pale maji yalipofika. Leo nimeipima kwa futi kamba. Mstari wa juu kabisa uko sentimita 43 kutoka sakafuni. Wa mwaka jana, 31.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kuchimba?"

"Bado Bibi, tunapima kwanza."

"Pimeni. Lakini safari hii mfike chini. Kila mwaka mkifika hapa kwangu mnakung'uta majembe mnaondoka."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, maana ni kweli. Kalavati ndipo nyumba nyingi zinapoishia, na kazi yetu miaka yote imeishia hapo.

Wiki ya 2

Tumetembea mtaro wote, watu wanne, futi kamba ya mita 50 na daftari. Kutoka kwenye lami hadi kwenye kalavati ni mita 322. Katikati kuna vivuko vitano vya kuingilia nyumbani. Viwili ni mabamba ya zege na maji yanapita chini yake vizuri. Viwili ni magogo ya mnazi. Kimoja ni kifusi kilichojazwa mtaroni na bomba la inchi 4 kupitishwa katikati. Mtaro wenyewe una upana wa sentimita 70. Maji ya upana huo hayawezi kupenya kwenye bomba la inchi 4, yatapanda barabarani tu. Mwenye nyumba yuko safarini, tumemwachia mkewe ujumbe kwa heshima.

Taka: chupa za maji na soda, nepi, viroba, maganda ya machungwa ya Muheza, makumbi na vifuu vya nazi. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea iliyopigwa marufuku Juni 2019 haionekani tena kama zamani, hilo lazima tulikubali. Tunachokuta sasa ni vifungashio laini vya karanga, ubuyu na barafu. Vyepesi, vinakwenda na maji hadi kwenye mdomo wa kalavati, vinanasa hapo.

Lakini si taka iliyonikaa kichwani jioni hii, ni tuta. Pembeni mwa mtaro, upande wa barabara, kuna tuta la udongo karibu urefu wote, mahali pengine linafika goti. Tumelijenga wenyewe. Kila tulipozibua tulitupa udongo hapo hapo ukingoni, mvua ya kwanza ikaurudisha nusu yake mtaroni, na nusu iliyobaki ikawa ukuta: maji ya barabarani yanataka kuingia mtaroni, yanagonga tuta, yanashuka na barabara. Ndiyo makorongo yale mawili yanayokwenda sambamba na magurudumu ya bajaji. Miaka yote tumekuwa tukilaumu mvua.

Halafu tukavuka kalavati. Huko chini mtaro unaendelea mita 90 hadi ukingo wa mikoko, na nasema unaendelea kwa sababu tuliufuata kwa kubahatisha. Umejaa mchanga hadi kulingana na ardhi, majani yameota juu yake, na kabla ya mikoko uzio wa mabati umekatiza njia yake yote.

Wiki ya 3

Mkutano wa wakazi. Mzee mmoja aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Hii barabara ni ya serikali. Kila anayenunua mafuta analipa tozo ya barabara. Kwa nini tuchimbe sisi?"

Ni swali la haki, na sikutaka lipite. Kweli kila lita ya petroli na dizeli ina tozo inayoingia Mfuko wa Barabara, na tangu Julai 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hata kijana wa bodaboda anachangia. Kwa hiyo kuomba barabara itengenezwe si kuomba hisani. Ila lazima tujue tunamwomba nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya na za mitaa kama hii yetu ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo ilianza 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, na ndiyo maana wazee wengi bado wanapeleka malalamiko ya barabara kwa diwani peke yake. Taka ni za halmashauri ya jiji. Maji safi na maji taka ni ya mamlaka ya maji. Na mtu akijenga kivuko chake mbele ya nyumba yake, usafi wa chini ya kivuko kile ni wake mwenyewe.

Kukazuka ubishi kidogo juu ya mbu. Mama mmoja alisema mtaro ndio ulioleta dengue mwaka 2019, mwaka ambao Dar es Salaam na Tanga ziliugua sana. Muuguzi anayekaa mtaani kwetu akamrekebisha kwa upole: mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotuama kwenye vyombo, matairi, makopo, na vile vifuu vya nazi tulivyoorodhesha. Mbu wa maji machafu ya mtaroni ni mwingine, Culex, na huyo ndiye anayeeneza matende na mabusha, maradhi ambayo mkoa huu unayajua tangu enzi za mababu. Kwa hiyo kuna kazi mbili. Mtaro upitishe maji, na uani kila mtu afunike au apindue vyombo. Nimemwomba muuguzi aseme hivyo hivyo msikitini na kanisani.

Barua imeandikwa. Inapita kwa mtendaji wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha TARURA. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango yake huandaliwa miezi hii, kwa hiyo tumeomba mambo mawili tofauti: mhandisi aje aone kabla ya masika, na kalavati na barabara viingie kwenye mpango wa mwaka ujao. Ukiomba yote kama dharura unakosa yote.

Wiki ya 4, Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Siku ya usafi. Tumehesabu watu 58, toroli 6, guta 1 la kukodi. Tumeanza na tuta, hatukugusa mtaro kabisa hadi saa 4. Udongo umepelekwa kwenye kiwanja cha madrasa ambacho kina shimo na uongozi ulitukubalia. Toroli zilipita 140 na kitu, niliacha kuhesabu.

Kwenye kuta za mtaro tumekata nyasi, hatukung'oa. Vijana walitaka kukwangua pawe peupe, papendeze. Nyasi zile zimeshika udongo. Ukizing'oa, mvua ya kwanza inakula ukuta na mchanga wote unakwenda kukaa kwenye kalavati. Chini mtaroni ndiyo, pakwanguliwe.

Wiki ya 5

Mwenye kivuko cha bomba la inchi 4 amerudi. Alikuja mwenyewe kunitafuta, nilidhani kwa ugomvi. Amekivunja Jumatano na kaweka bamba la zege. Ahsante kaka.

Wiki ya 6

Wiki hii naieleza kwa kirefu, maana hapa ndipo tulipojifunza.

Fundi mwashi wa mtaani kwetu alishauri tusiendelee kuchimba bila leveli, yaani bila kupima ardhi inavyoshuka. Hana mashine, ana mpira wa maji kama mafundi wote: mpira mweupe unaoonyesha ndani, wa mita 20. Unaujaza maji polepole kutoka ndoo iliyo juu hadi mapovu yote yatoke, kwa sababu povu moja tu likibaki ndani linakudanganya. Kisha mtu mmoja anashika ncha moja kwenye mti uliochorwa sentimita, mwingine ncha ya pili kwenye mti wa namna hiyo hiyo mita 20 mbele, mnasubiri maji yatulie, mnasoma. Maji ya ncha mbili yako sawa daima; tofauti ya namba ndiyo tofauti ya ardhi. Tumefanya hivyo mara 16 kutoka lami hadi kalavati, na mara 5 kutoka kalavati hadi mikokoni. Mimi nilikuwa nashika daftari, na kila kipimo tulikisoma mara mbili.

Upande wa juu hauna neno. Ardhi inashuka zaidi ya sentimita 1 kwa kila mita, maji yanakwenda yenyewe. Chini ya kalavati mambo ni mengine: katika mita 90 zote ardhi inashuka sentimita 19 tu. Mtaro unataka angalau nusu mita kwa kila mita 100 ili usilaze mchanga, sisi hatufiki hata nusu ya hapo. Maji yanashuka kwa kasi kutoka juu yamebeba mchanga, yakifika tambarare yanachoka, yanautua. Ukifikiri hivyo unaelewa kwa nini nyumba ya Bibi ndiyo inayozama.

Kisha tukapima kalavati lenyewe. Ni bomba la zege la milimita 600, urefu mita 7. Fundi aliingiza mkono wenye ncha ya mpira kwenye tundu la kutokea, mwanawe kwenye tundu la kuingilia. Tukasoma. Tukarudia. Tukabadilishana pande, tukasoma tena. Tundu la kutokea liko juu ya tundu la kuingilia kwa sentimita 6.

Kalavati lililazwa likiwa limeinama kinyume. Kila mwaka tumelizibua, kila mwaka limejaa, na kila mwaka tumegombana juu ya nani ametupa taka. Taka ilikuwepo, sikatai. Lakini hata bila chupa moja, bomba lile lingebaki na tope chini, maana maji yake hayatoki yote. Aliyelilaza ni mkandarasi wa miaka ya nyuma na simwandiki hapa. Kinachoniuma ni kwamba ingetosha nusu saa ya mpira wa maji siku ile kabla ya kufukia.

Bibi alikuwa amekaa barazani anatutazama. Fundi alipomweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi si sisi tuliokuwa wachafu."

Wiki ya 7

Mhandisi amekuja, pamoja na mtendaji wa kata. Tulimpa daftari letu la vipimo, naye akapima kwa chombo chake. Kalavati: sentimita 6 na nusu. Ameandika kwamba linatakiwa kung'olewa na kulazwa upya, na likiwezekana liwe la milimita 900, kwa sababu bomba la 600 hata mtu akitaka kulizibua hana pa kuingiza chepeo. Hilo si la kufanywa na wakazi. Kukata barabara bila kibali hakuruhusiwi, na sisi wenyewe hatuwezi kushindilia udongo juu ya bomba ipasavyo.

Tulitumia nafasi hiyo kumuuliza mengi. Kuhusu barabara alituonyesha kwamba imepoteza mgongo. Barabara ya moramu inatakiwa iwe juu katikati na iteremke pande zote mbili, kama sentimita 5 kwa kila mita, ili tone likianguka liende mtaroni. Yetu ni bakuli. Ndiyo maana akasema kifusi tulichotaka kununua kwa michango yetu tusikinunue: ukimwaga kifusi kwenye bakuli, mvua inakichukua na kukishusha kwenye mtaro tuliouchimba. Kwanza maji yatoke, halafu greda lichonge mgongo, halafu ndiyo moramu ishindiliwe. Tungefanya kinyume tungepoteza fedha za watu.

Ametukubalia mambo matatu ndani ya hifadhi ya barabara: kusafisha na kupanua mtaro chini ya kalavati, kujenga mtego wa mchanga mita 10 kabla ya kalavati, na kuweka mawe kwenye sehemu yenye mteremko mkali karibu na madrasa ili kupunguza kasi ya maji.

Wiki ya 8, Ramadhani imeingia

Tumebadilisha saa. Waliofunga wanafanya kazi baada ya swala ya alfajiri hadi saa 3. Ndugu zetu Wakristo wamechukua zamu ya kuanzia saa 3, ingawa baadhi yao nao wako kwenye mfungo wa Kwaresma. Hakuna aliyewapangia, walijipanga wenyewe pale pale.

Suala la uzio. Mwenyekiti na mimi tulikwenda kwa mwenye kiwanja. Alitupokea vizuri, akatoa karatasi zake. Alinunua kiwanja kile mwezi wa pili miaka mitatu iliyopita, mahali pakavu kabisa, hakuna aliyemwambia kwamba mtaro unapita, na kwa kweli asingeweza kuuona. Tulitafuta bikoni, alama za mipaka ya kiwanja, pamoja naye kwenye majani hadi tukazipata zote nne. Uzio ulikuwa umetoka nje ya bikoni kwa mita 1.8, upande wa mtaro. Alikaa kimya, akazunguka akaitazama tena bikoni ya mwisho, akasema, "Nipeni hadi Jumapili." Jumapili mabati yalikuwa yamerudi ndani.

Wiki ya 9

Chini mikokoni. Mikoko inalindwa kisheria na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo niliwaambia vijana mapema: panga zibaki nyumbani. Tunatoa taka na mchanga tu. Tumetoa viroba 73 vya taka kati ya mizizi, na halmashauri imezoa siku ya pili yake.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akitengeneza nyavu karibu, akatuita.

"Mnachimba saa ngapi, wanangu?"

"Asubuhi, baba."

"Basi hamjaona kitu. Njooni kesho saa 10 jioni. Mwezi umefika kumi na nne."

Tulikwenda. Asubuhi ya siku hiyo saa 4 bahari ilikuwa mbali, matope matupu na kaa. Saa 10 jioni maji ya bamvua, yaani kule kujaa kukubwa kwa bahari, yalikuwa yamepanda na kijito cha mikokoni, yakaingia kwenye mtaro tuliouchimba, yakapanda taratibu bila kelele hadi karibu na mdomo wa kalavati. Kwa pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua inapita mita 3, na ardhi ya pale, kama tulivyopima, ni tambarare. Yule mzee alieleza kwa mkono wake: mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo, maji hujaa saa 10 au saa 11, jioni na alfajiri. Mvua kubwa ikinyesha saa hiyo, maji ya mtaa hayana pa kwenda hadi bahari ianze kupwa.

Usiku sikulala vizuri. Tumefika chini kama Bibi alivyotaka, na chini tumeikuta bahari.

Wiki ya 10

Tumekaa na fundi na mzee mvuvi, na tumempigia simu mhandisi. Bahari hatuizuii. Tunachoweza ni kuyapa maji mahali pa kusubiri. Mita 60 za mwisho tunazipanua ziwe na upana wa mita 1 na nusu chini na kuta zilizolala, ili yale masaa mawili matatu ya bahari kujaa maji yakae mtaroni badala ya kukaa barazani kwa Bibi. Bahari ikipwa, yatoke yote kwa mkupuo, na mkupuo huo usukume mchanga. Mhandisi ametaja mlango wa chuma unaojifunga wenyewe bahari ikijaa na kufunguka ikipwa; ameuandika kwenye mapendekezo pamoja na kalavati.

Kuchimba tu wiki nzima. Sina zaidi ya hilo.

Wiki ya 11

Mtego wa mchanga umekamilika. Urefu mita 1.2, upana mita 1, na sakafu yake iko nusu mita chini ya sakafu ya mtaro. Maji yakiingia yanapunguza mwendo, mchanga unazama humo, maji yanaendelea na safari mepesi. Sakafu ni zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na kokoto ni za Pongwe. Kuta ni tofali za saruji. Tumelifunika zege kwa viroba vilivyolowa na watoto wa madrasa wamelimwagilia asubuhi na jioni siku 7. Fundi alikataa tusilifungulie maji kabla ya siku hizo, hata mawingu yalipokaribia.

Juu tumeweka kichanja cha nondo za milimita 12, zimeachana sentimita 10. Shimo lililojaa maji mbele ya nyumba zenye watoto ni hatari kuliko mtaro uliojaa, na mimi singelala kwa amani bila zile nondo. Zinanasa chupa pia.

Wiki ya 12, Idi

Mwezi uliandama, tukasali Idi, watoto wakavaa. Siku ya pili ya Idi usiku mvua ikaanza.

Niliamka saa 9 na nusu. Mwezi mwandamo, kwa hiyo bamvua, na bahari ilikuwa inajaa. Nilishuka na tochi ya simu, nikamkuta fundi amekwisha kufika, na mjukuu wa Bibi amesimama barazani na kipande cha mkaa mkononi. Maji yalikuwa yanakuja kwenye mtaro, siyo barabarani, nililiona hilo kwanza. Yakaingia mtegoni, yakapita kwenye kalavati kwa kujisukuma, yakajaa chini, yakaanza kurudi juu. Saa 11 kasorobo yalifika kwenye ngazi ya kwanza ya baraza. Tukasubiri. Hakuna aliyesema kitu. Yakafika karibu na ngazi ya pili, yakasimama hapo, na kwa muda mrefu yalisimama tu, majani yakizunguka juu yake. Kisha fundi akainama, akaweka kidole kwenye ukuta wa ngazi pale palipolowa. Maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole.

Saa 2 asubuhi mtaro ulikuwa unapitisha. Saa 3 ngazi zilikuwa zinakauka. Mwaka jana maji ya mvua ya namna hii yalikaa siku mbili.

Mtego: toroli 11 za mchanga, umetolewa jioni ile ile.

Wiki ya 15

Masika imekolea. Wiki hii tumepata mvua ya siku tatu mfululizo na siku ya tatu maji yaliingia barazani. Sentimita 9. Kalavati liliziba katikati, kama tulivyojua litaziba, na tulilizibua kwa mti mrefu na kamba. Naandika namba hii bila kuipunguza kwa sababu ndiyo tutakayompelekea mhandisi.

Mtego umesafishwa mara 5 tangu Idi. Zamu ya kuusafisha, nyumba nne nne, inafuatwa isipokuwa mara moja, na aliyekosa alikuwa hospitali na mtoto.

Wiki ya 19, katikati ya Mei

Mvua zinapungua, kusi imeanza kuvuma. Mjukuu amechora mstari wa mwaka huu, sentimita 9, na Bibi amemwambia aandike na mwaka pembeni yake.

Nakala ya vipimo vyote, picha za mistari ya mkaa, siku na saa za mvua na za kujaa kwa bahari vimepelekwa TARURA kupitia kwa mtendaji wa kata, na nakala yetu imepokewa kwa muhuri. Tumeomba kalavati la milimita 900 lilazwe kwa leveli, mlango wa chini, na greda lichonge mgongo baada ya hayo mawili, siyo kabla. Julai nitakwenda kufuatilia pamoja na mwenyekiti.

Kwa kazi yetu wenyewe kabla ya vuli: mawe ya karibu na madrasa yamelegea mawili, yapangwe upya, magogo ya mnazi kwenye vivuko viwili yameoza, wenye nyumba wameahidi mabamba, sehemu pana ya chini ina mchanga wa kina cha kiganja.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaanzia mikokoni na kupanda juu, saa 12 na nusu asubuhi. Majembe na toroli viko kwa Bibi.